Baiskeli Niliyoivalisha

Kaka yangu aliuza maji mjini Singida kwa miaka kumi na miwili. Alikuwa akiyachota kwenye kisima kilicho upande wa Ziwa Kindai, anapakia madumu sita kwenye baiskeli, halafu anaisukuma kupandisha mlima mpaka mitaa ya juu. Akifika kileleni anapanda na kuteremka taratibu kuelekea stendi, mguu mmoja ukikwaruza ardhi kusaidia breki. Maji yenyewe yalikuwa ya chumvi. Hayakufaa kwa chai, lakini bomba likikauka hakuna aliyeyakataa, na mama ntilie wa stendi waliyatumia kuoshea vyombo mwaka mzima. Madumu hayakuzibika vizuri. Kila yalipotikisika yalimwagika kidogo, na jioni suruali ya kaka ilikuwa na michirizi myeupe kuanzia kiunoni hadi kwenye kifundo cha mguu.

Mimi ni fundi baiskeli, na ufundi huo nimeupata kwa sababu yake. Baba alipofariki nilikuwa darasa la tano. Kaka aliacha shule ili mimi niendelee, na nilipofeli darasa la saba hakunigombeza. Alinipeleka kwa fundi mmoja mzee, Mnyiramba, akamwambia, "Shikamoo mzee. Huyu mdogo wangu ana mikono. Kichwa tutakitafuta baadaye." Mzee akacheka, akanipokea. Baada ya miaka minne nilikuwa na kibanda changu cha mabati kando ya barabara ya stendi, na mteja wangu wa kwanza alikuwa kaka, aliyekuja kuzibiwa tyubu ambayo nilikuja kugundua haikuwa na pancha.

Kilichonipa jina mjini ni kuvalisha baiskeli. Baiskeli mpya hutoka dukani fremu ikiwa imezungushiwa makaratasi na nailoni nyepesi ili isichubuke njiani. Watu wengi hawazitoi. Huziacha mpaka zinachakaa zenyewe, kama ambavyo mtu huacha nailoni kwenye makochi mapya. Mimi niliona kazi hapo. Nilinunua nailoni nzito, ile ya maua ya kutandika mezani, nikaikata vipande virefu vyembamba, nikaipasha juu ya jiko la mkaa mpaka ilegee, kisha nikaizungusha kwenye bomba za fremu huku nikiivuta. Ikipoa hubana kama ngozi. Mwisho wa kila bomba niliziba kwa gundi ya viatu. Watu walikuja kutoka vijijini, wengine wakishuka kwenye basi na baiskeli juu ya paa, kwa ajili hiyo tu.

"Fundi, hii inazuia kutu kweli?" walikuwa wakiniuliza.

"Maji hayapiti," nilijibu. "Yasipopita, kutu itatoka wapi?"

Niliamini hivyo. Sitaki mtu adhani nilikuwa tapeli.

Baiskeli ya zamani ya kaka ilipochoka, alinunua mpya, akaja nayo moja kwa moja kutoka dukani. Alitaka nimkazie spoki na kumfungia keria nzito ya chuma. Nikamwambia aniachie siku mbili niivalishe. Alisita.

"Ile ya zamani nilikuwa naipaka oili chafu kila Ijumaa," alisema. "Haikuwahi kunisumbua."

"Oili inachafua nguo, kaka. Mambo ya zamani hayo. Niachie mimi."

Aliniachia. Niliivalisha nailoni ya bluu yenye maua meupe, na sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Niliziba hata maungio ya chini ya pedeli, mahali ambapo mafundi wengi hupaacha kwa sababu pana kona nyingi. Sehemu pekee niliyoiacha wazi ni foku ya mbele, ile inayoshika gurudumu, maana nailoni iliniishia. Kaka alipokuja kuichukua aliizunguka mara mbili, akasema, "Sasa umenipa bibi harusi. Nimpakie madumu?" Tangu siku hiyo alipopita mjini watu waliuliza nani aliyemfanyia ile kazi, naye alinyoosha mkono kuelekea kwenye kibanda changu.

Oili chafu aliiacha. Angeipaka wapi?

Mwaka wa tatu, kabla mvua hazijaanza, alikuja asubuhi moja akaegemeza baiskeli kwenye nguzo.

"Inalia," alisema.

"Wapi?"

"Huku chini. Kama panya kwenye dari."

Niliigeuza miguu juu, nikafungua pedeli, nikatoa gololi, nikaosha, nikabadili zilizoisha, nikapaka grisi. Nilipokuwa nafunga niliona doa chini ya maungio, pale mwisho wa nailoni, mahali nilipoziba kwa gundi. Lilikuwa la rangi ya chai. Nikaligusa kwa kidole gumba, pakabonyea.

Fundi yeyote angejua la kufanya. Ni kuchukua kisu na kuchana. Lakini pale kwenye benchi walikuwa wamekaa wateja wawili, na mmoja wao alikuwa amekuja baada ya kuiona baiskeli hiyohiyo ya kaka, ameniambia kabisa, "Nataka kama ile." Nilichukua kitambaa nikakilowesha mafuta ya taa, nikalifuta lile doa mpaka likatoweka.

"Vipi?" kaka aliuliza.

"Iko safi."

Alirudi baada ya wiki mbili, akasema bado inalia. Nikamwambia ni keria, bolti zimelegea, nikazikaza. Sikuigeuza tena miguu juu. Naye hakubisha, kwa sababu kwenye mambo ya baiskeli aliniamini kuliko alivyojiamini mwenyewe.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha siku alipoanguka. Kijana wa bodaboda alisimama mbele ya kibanda bila kuzima pikipiki, akasema, "Fundi, kaka yako kaanguka pale kwenye mteremko." Nilipanda nyuma yake tukaenda.

Nilimkuta amekaa ukingoni mwa barabara, madumu yametawanyika, maji yakichimba vijito kwenye vumbi. Fremu ilikuwa imekatika karibu na pedeli, na bomba la chini lilikuwa limechomoka na kusimama juu, ncha yake imechanika. Ncha hiyo ndiyo iliyomwingia pajani. Alikuwa ameshafunga jeraha kwa kitambaa na alikuwa anacheka, na watu waliokusanyika walikuwa wanacheka naye.

"Bibi harusi wako kanikimbia," aliniambia.

Jeraha lenyewe lilikuwa na urefu wa kidole, dogo kulitazama, lakini lilikuwa na kina. Mama mmoja aliyekuwa na beseni la nyanya alisema, "Mpelekeni hospitali akachomwe sindano ya pepopunda. Chuma hicho."

"Kwa mchubuko huu?" kaka alisema. "Nikirudi na bandeji kubwa mke wangu atanicheka."

Yule mama akanigeukia mimi, kama ndugu. Wote walinigeukia. Nami nikasema, "Tuoshe kwanza, tuone."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema vile, na jibu silipendi. Nilitaka jeraha liwe dogo. Kama ni dogo, basi na kosa langu ni dogo. Tulilisafisha kwa maji ya dumu moja ambalo halikuwa limepasuka, maji yaleyale ya chumvi, nikanunua bandeji na dawa ya kupaka, nikamfunga mwenyewe. Alitembea hadi kwake akichechemea. Mimi nilibeba fremu iliyovunjika mpaka nyuma ya kibanda, nikaifunika gunia ili wateja wasiione.

Siku ya tisa shemeji, mke wa kaka, alikuja kibandani asubuhi. Alikuwa ametembea haraka, mtandio umemshuka mabegani.

"Shemeji, kaka yako hawezi kufungua mdomo."

"Jino?"

"Sijui. Jana alisema taya linamuuma. Leo hata kijiko hakipiti. Na shingo hageuzi."

Tulimpeleka hospitali kwa bajaji. Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi. Alimtazama uso, akamwomba ajaribu kufungua mdomo, kisha bila kuuliza lolote akaanza kumkagua mwili kama anayetafuta kitu. Alipofika pajani akasimama. Jeraha kwa juu lilikuwa limeshafunga, karibu limepona.

"Hili ni la lini?"

Shemeji alimwambia. Daktari akauliza kama alichomwa sindano. Shemeji akasema hapana, alikataa mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama pale, nikanyamaza.

Walimweka kwenye chumba cha peke yake, wakafunika dirisha kwa shuka nzito. Walituambia tusiongee kwa sauti, tusivae viatu vinavyogonga, tusimguse ghafla. Mara ya kwanza sikuelewa. Kisha mtu mmoja huko nje akaangusha sahani ya bati, na kaka akakakamaa mwili mzima, mgongo ukanyanyuka kutoka kitandani, akabaki ameshikiliwa na visigino na kisogo tu. Uso ulivutika ukawa kama wa mtu anayecheka sana. Lakini macho yalikuwa yake, na yalikuwa yanatuona. Pepopunda haichukui akili. Mtu anakuwepo mpaka mwisho.

Honi ya pikipiki ilitosha. Mlango ukilia ulitosha. Wakati fulani hata mwanga wa pazia lililosogea ulitosha. Walimpa dawa za usingizi na kumchoma za kupambana na ile sumu, lakini daktari alituambia waziwazi kwamba tumechelewa.

Siku ya tatu pale hospitalini alipata nafuu kidogo, au tulidhani ni nafuu. Nilikuwa peke yangu naye, shemeji ameenda kuwaona watoto. Alisema kitu katikati ya meno yaliyobana. Niliinama. Alikuwa anasema Kinyaturu, lugha tuliyozungumza nyumbani pale jambo lilipokuwa zito, nami nikajiandaa kusikia jambo zito. Alitaka niende stendi nikamwambie yule mama ntilie wa kona kwamba leo hatapata maji, atafute mtu mwingine asije akakwama na vyombo.

Nikamwambia nitakwenda.

Hapo ndipo ningeweza kumwambia. Nilikuwa na maneno mdomoni kabisa: kaka, niliona doa. Lakini daktari alikuwa amesema asishtuliwe, nami nikajificha nyuma ya agizo la daktari. Nikatoka nje kimyakimya, viatu mkononi, nikaenda stendi kumwambia mama ntilie kuhusu maji.

Alifariki siku ya sita, mchana. Tukamzika baada ya sala ya Alasiri, upepo wa Singida ukipuliza mchanga wa kaburi machoni mwetu. Watu walinipa mkono wakasema kazi ya Mungu haina makosa. Nilimsikia jirani mmoja akimweleza mwenzake, "Ukaidi tu. Angechomwa sindano." Na yule mwingine akajibu, "Ndivyo alivyokuwa."

Baada ya arobaini shemeji alikuja kibandani. Alitaka fremu, kulikuwa na mnunuzi wa chuma chakavu mtaani kwao. Nikaenda nyuma, nikaondoa gunia, nikaileta. Nilitumaini ataichukua vilevile.

"Toa hiyo nailoni," alisema. "Hawanunui nailoni."

Nikachukua kisu. Nilianzia juu, kwenye bomba la kuelekea usukani. Nailoni ilipovuliwa ilitoka na rangi yote ya fremu, imegandia upande wa ndani wa yale maua, na chuma kikabaki uchi, kimejaa vipele vya kahawia. Kadiri nilivyoshuka ndivyo kilivyozidi kuoza. Karibu na pedeli hakikuwa chuma tena, kilikuwa magamba. Yalianguka mapajani mwangu, mabichi, yamechanganyika na chumvi nyeupe. Wiki zote zile chini ya gunia hayakuwa yamekauka. Maji yalikuwa yameingia kupitia matundu madogo ya gundi, tone kwa tone, kila siku ya kazi, na yakishaingia hayakuwa na pa kutokea. Nailoni yangu iliyahifadhi.

Foku, ile niliyoiacha wazi kwa sababu nailoni iliniishia, ilikuwa imechubuka na kupauka. Nikaigonga kwa nyundo. Ilikuwa nzima.

Shemeji alitazama yote hayo amesimama. Kisha akakaa kwenye benchi la wateja.

"Ulijua?"

"Nilisikia ikilia. Nikaona doa. Nikalifuta."

"Lini?"

"Kabla ya mvua. Wiki kama tano kabla hajaanguka."

"Naye alijua?"

"Hapana. Nilimwambia iko safi."

Alipozungumza tena alizungumza Kinyaturu, polepole, bila kupandisha sauti. Alisema tangu siku ya maziko amekuwa akimkasirikia marehemu. Akiamka anamkasirikia, akipika anamkasirikia, kwa ukaidi wake wa kukataa sindano na kumwachia watoto watatu. Alisema amewaambia watoto kwamba baba yao angekuwa hai kama angesikia la watu. "Na wewe ulikuwa unakuja nyumbani," alisema, "unakula chakula, unaniacha nimlaumu."

Aliinuka bila fremu.

"Nenda ukamwambie mwanawe," alisema. "Yule mkubwa. Mimi sitasema kwa niaba yako."

Mtoto mkubwa wa kaka ni msichana. Wakati huo alikuwa anamaliza darasa la saba. Nilimkuta uani, anachambua mchele kwenye ungo. Nilikaa kwenye kigoda nikamweleza, kuanzia nailoni mpaka lile doa mpaka maneno niliyosema barabarani. Nilipomaliza nilisubiri alie, au aniambie niondoke. Aliendelea kuchambua. Akatoa kijiwe kimoja, akakitupa. Kisha akauliza:

"Baba mdogo, nailoni za watu wengine umeshazitoa?"

Sikuwa nimezitoa. Kwa kweli nilikuwa nimevalisha baiskeli nyingine mbili tangu matanga yaishe.

Nilianza kesho yake. Nilibeba kisu, msasa na chupa ya oili, nikapita mtaa kwa mtaa kwa watu niliowakumbuka, na wale wa vijijini niliwatumia ujumbe kwa makondakta wa mabasi. Nilijifunza mambo ambayo nilipaswa kuyajua kabla sijashika baiskeli ya mtu yeyote. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyeiendesha yake kwenda msikitini tu na kuilaza ndani, nilipoichana nailoni chuma chake kilikuwa kama kimetoka dukani. Aliniangalia kwa masikitiko, nikamwomba radhi. Lakini ya muuza samaki wa Ziwa Singidani nilitia bisibisi kwenye bomba nayo ikapita upande wa pili. Ya kijana aliyebeba maji kama kaka ilikatika mikononi mwangu nilipoikanyaga. Kijana yule alikaa chini, akashika kichwa.

Wengine walinitukana. Mfanyabiashara mmoja mzee wa sokoni alinikatalia kabisa.

"Juzi uliniambia nivalishe, leo unaniambia nivue," alisema. "Kesho utaniambia nini?"

"Kesho sijui, mzee. Leo nakuomba uivue."

"Niachie baiskeli yangu."

Nikamwachia. Bado anaiendesha, nami kila akipita natazama chini ya pedeli.

Nimeacha kuvalisha. Anayeniuliza kama inafaa kuweka kitu cha kuzuia kutu kwenye fremu, namwambia inafaa ukiwa tayari kufanya kazi yote. Piga msasa mpaka uone chuma, kausha juani, paka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mafuta juu yake. Mimina oili ndani kupitia bomba la kiti, maana kutu ya fremu mara nyingi huanzia ndani. Toboa kitundu chini ya pedeli, maji yaliyoingia yapate njia. Kama unabeba maji ya chumvi, oili chafu kila Ijumaa inatosha, hata kama inachafua suruali. Usifunike kitu ambacho hutaweza kukitazama. Wengi husikiliza nusu, halafu huenda kwa fundi mwingine aliyetundika nailoni za maua mlangoni.

Shemeji alianza kuuza vitumbua na uji karibu na shule. Tunasalimiana. Sikukuu hunitumia sahani ya pilau kwa mtoto wa mwisho, na mimi hupeleka nilichonacho, lakini ndani ya nyumba sijakaribishwa tena, nami sijaomba. Kuhusu ukaidi wa marehemu, nimesikia kwamba akisikia mtu akiutaja humkatiza.

Yule binti wa kaka alipangiwa sekondari ya mbali na kwao. Mjomba wake wa Manyoni alimnunulia baiskeli, ya mtumba, nyeusi, imechubuka kila mahali. Ikiharibika huipeleka kwa fundi wa upande wa soko. Nilipoambiwa sikuona kwamba amenionea.

Mwezi uliopita alisimama mbele ya kibanda changu, sare imejaa vumbi, tairi la nyuma limelala.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Za shule?"

"Nzuri. Naomba bomba la upepo."

Nilinyanyuka na bomba, nikanyoosha mkono mwingine kushika baiskeli. Akaivuta upande wake kidogo, si kwa hasira. Nikampa bomba nikarudi kukaa. Alijaza upepo mwenyewe, tairi la nyuma kisha la mbele, akilibonyeza kila moja kwa kidole gumba. Alipomaliza akanirudishia bomba kwa mikono miwili, akasema asante, akapanda, akaenda zake.